Ndege wa Msitu wa Mama

Nono, Pichincha,
Ekuado.
18 Januari 2015

Mpendwa mdogo wangu Hortensia,

Natumai baridi ya Madrid haijakuingia kifuani. Sisi tu wazima, ingawa magoti yangu yamechoka na mvua haijakatika tangu Noeli. Mke wa ndugu yetu Rosendo anakushukuru kwa sweta.

Nina habari ya msitu wa mama. Siku ya Marehemu, tukiwa makaburini na uji wetu wa zambarau, Rosendo alisema jirani mwenye ng'ombe wa maziwa anataka kuununua aufyeke. Nilikataa. Tulibishana mpaka tukaapa mbele ya kaburi la mama: kolibri kifua-cheusi akipigwa picha humo kabla ya Siku ya Wafalme hapo Januari sita, hatuuzi; asipopatikana, tunauza.

Unawakumbuka ndege hao wadogo wanaovuma mbele ya maua, wenye manyoya meupe miguuni kama suruali za ngozi ya kondoo za wachungaji wetu. Kifua-kijani wamejaa kila mahali. Kifua-cheusi ni adimu, naye huvaa suruali ileile.

Mimi na Wilmer, mwana wa Rosendo, tulipokezana kamera ukunguni hadi mifupa ikaniuma. Mwishowe Wilmer akapata picha: kifua cheusi tii. Nyumba nzima ilifurahi, hata Rosendo, na simbilisi wakachomwa.

Nilipoitazama picha vizuri, niliisogeza sahani kando. Mkia ulikuwa mrefu, umepasuka kama mkasi. Wa kifua-cheusi ni mfupi kuliko huo. Tena ndege alikuwa kivulini, na manyoya ya ndege hawa hayaonyeshi rangi mpaka mwanga uyapige. Katika picha iliyofuata alikuwa amegeuka kidogo, na ukingo wa kifua ulimeta kijani.

Nilimwonyesha Wilmer kando ya zizi.

“Baba mkubwa, nyamaza,” akasema. “Baba hajui mkia wala kichwa. Ukinyamaza, msitu umepona.”

“Nimwapie mama uongo?”

“Mama yako alipenda msitu, si mikia.”

Hata hivyo nilirudi mezani nikasema kweli. Rosendo alicheka mpaka akakohoa.

“Kaka, umestaafu ualimu lakini hata ndege unamsahihisha. Umempa sifuri, na msitu umekwenda.”

Kisha akanimiminia kinywaji. Wilmer hajanisalimu tangu siku hiyo. Tulirudi msituni kila siku iliyobaki, kila mtu na njia yake, na Siku ya Wafalme ikapita bila picha.

Kiapo ni kiapo, Hortensia. Fungu langu la msitu aliotugawia mama nitaliuza. Lakini fungu lako ndilo lenye kijito, na jirani hanunui malisho yasiyo na maji. Rosendo atakupigia simu akushawishi, naye ana haki ya kusema. Mimi sikuombi ukatae. Nimechoka kuomba, na deni lako la nyumba nalijua. Nakuarifu tu kwamba siku ile hukuwapo kaburini, wala hapana aliyeapa kwa niaba yako.

Nisalimie shemeji Ignacio na binti yenu Maribel. Shangazi Delfina anakukumbuka katika sala zake. Mungu akulinde ugenini na akupe uamuzi utakaokuacha ulale.

Ni mimi kaka yako, nikupendaye,
Abelardo