Vidonge Hamsini na Kimoja Kwenye Kopo la Kahawa

Baba Atu, mume wangu,

Huku Uyole kumekucha na ukungu ule uliokuwa unasema umeumbwa kwa ajili ya kulala, ila sisi watu wa Iringa tunaamka kwa kiherehere. Nimekaa jikoni. Chai iko kwenye chupa, na kopo la kahawa liko pale pale pembeni yake. Nakuandikia kwa sababu kuna jambo nimelibeba tangu tulipokuzika, sijamwambia mtu, hata Atupele mwanetu. Nimeona wewe ndiye wa kwanza kulisikia.

Lakini nianze na sigara, maana hapo ulinishinda.

Ulivuta karibu miaka yote uliyoendesha lori. Ukitoka Dar, ukimaliza kuupanda mlima wa Kitonga, ulikuwa unaegesha pembeni, unagonga matairi kwa spana, moja moja, halafu unawasha sigara. Nilikusema mpaka mdomo ukachoka. Mchungaji naye alikusema. Wewe ulicheka tu, ukasema sisi Wahehe tunapenda kuamrisha watu hata kwenye nyumba za Wanyakyusa. Kisha mchana mmoja, bila kuambiwa na yeyote, ukanipigia simu.

"Mama Atu, nimemaliza kupanda. Niko juu."

Nikashtuka, nikauliza kuna nini. Ukasema hakuna kitu, ila mkono ulikuwa unatafuta sigara, ukaona uupe simu.

Tangu siku hiyo ukawa unanipigia kila ulipofika pale juu. Mara nyingine hukuwa na la kusema. Ulinisalimia "kamwene" kwa Kihehe chako kibovu, ukaniambia umechukua vitunguu Ruaha Mbuyuni, ukakata. Baada ya miezi michache nikagundua mashati yako hayanuki tena moshi. Hukutangaza, nami sikukupongeza, nikiogopa kuharibu. Leo najuta hata kwa hilo.

Presha ilikuja ulipokwisha kuliacha lori na kuhamia kwenye viazi. Ulipata kizunguzungu shambani, tukaenda kliniki, nesi akakueleza vizuri tu: kidonge kimoja kila asubuhi, maisha yako yote, dawa hii haina likizo. Ulikunywa wiki mbili, kichwa kikatulia, ukaacha. Ukaniuliza kama gari lililopona linaendelea kupelekwa gereji. Nami nikakujibu kuwa miaka yote hiyo hukuwahi kuwasha gari zima bila kupima oili na maji. Nilijiona mjanja sana siku ile.

Hapo ndipo nilipokosea, Baba Atu. Sikukuacha utafute mwenyewe mahali pa kidonge kama ulivyoitafutia sigara mahali pake. Niliichukua ile kazi mimi. Nilitafuta kopo tupu la kahawa, nikamimina vidonge, nikaliweka karibu na chupa ya chai. Kila asubuhi nililifungua mimi, nikatoa kidonge kimoja, nikakuwekea kiganjani, nikakushikisha na glasi ya maji. Wewe ulimeza huku ukiangalia viazi vyako dirishani, ukanirudishia glasi, ukanishukuru kwa Kinyakyusa chenu, "ndaga fijo." Na chumvi vilevile. Wewe uliyekuwa unanyunyiza chumvi kabla ya kuonja, niliificha chumvi nyuma ya sufuria, nikakukamulia ndimu. Hukuuliza ilikwenda wapi.

Mwaka wa kwanza ukapita, wa pili ukapita, presha yako imetulia. Nilitamba kwa akina mama wa kanisani kwamba mzee wangu amebadilika tabia. Kumbe wala. Ulikuwa na mke, basi.

Halafu Atupele akakaribia kujifungua kule kwake Ipogolo, Iringa. Uzazi wa kwanza, mama lazima aende, na wewe mwenyewe ndiye uliyenihimiza. Nikahesabu vidonge sitini nikavitia kwenye kopo, nikakuonyesha kama vile hujawahi kuliona, nikakuambia ni kimoja kila asubuhi. Ukanitania kwamba nikikawia utaoa mwingine, Mnyakyusa safari hii, anayejua kupika ndizi. Nikapanda basi nikicheka.

Asubuhi zile za kwanza nilikuwa nakupigia kabla sijanawa uso. Umekunywa? Ukasema ngoja, nikasikia mfuniko wa kopo ukifunguka, nikasikia glasi ikiwekwa mezani. "Nimekunywa, mama, acha hofu." Siku tisa nilikuuliza hivyo.

Siku ya kumi Atupele akashikwa na uchungu. Unajua ilivyokuwa: uchungu wa siku mbili, mtoto mdogo kama ngumi, hataki kunyonya. Nilikuwa nakupa habari zake tu. Niliendelea kukupigia, ila wakati wowote nilipopata nafasi, na maneno yetu yote yakawa ya mtoto. Amenyonya? Ameongezeka? Analia sauti nzito au nyembamba? Ukafurahi kusikia ana masikio yako. Mimi sikuuliza habari ya kidonge, na wewe hukusema.

Aliyekukuta ni jirani yetu Mama Subi, alipoleta maziwa. Ulikuwa umekaa kwenye gunia la viazi nyuma ya nyumba, mdomo umevutwa upande mmoja, unataka kusema na maneno hayatoki. Alinipigia, wakakukimbiza hospitali. Basi lilipoondoka Ipogolo ulikuwa hai. Tulipofika Makambako simu ikaita tena, nikaiangalia ikiita, nikajua.

Sasa sikia jambo lenyewe. Wiki moja baada ya maziko, wageni wameondoka, nilikaa hapa hapa nilipo nikalifungua kopo. Nikavimwaga vidonge mezani nikahesabu. Nikarudia, nikarudia tena. Vilikuwa hamsini na kimoja.

Tisa tu ndivyo ulivyokunywa. Siku nilizouliza ulikunywa. Siku nisizouliza hukunywa hata kimoja.

Nilikukasirikia, nisikufiche. Nilikutukana kwa Kihehe, peke yangu, mpaka kuku wakatoka jikoni. Mtu mzima, aliyepeleka lori Tunduma na kurudi bila kukosea, anashindwaje kufungua kopo? Halafu hasira ikageuka ikanirudia mwenyewe. Ningekuuliza ningetumia nini? Sekunde moja. Watu wananifariji kwamba siku yako ilikuwa imefika, naitikia amina, lakini wao hawakuhesabu vile vidonge. Kuna siku nasema sikukuua. Kuna siku nashindwa kusema hivyo.

Mwezi wa saba nilikwenda kliniki kwa ajili ya mgongo, nesi yule yule akanipima. Presha. Nikacheka mpaka akadhani nimechanganyikiwa. Atupele aliposikia alilia kwenye simu, akasema atanipigia kila asubuhi anikumbushe, hata siku moja hataacha. Nikamkatalia kwa ukali. Akanuna, akasema namsukuma. Nikamwambia, "Mwanangu, siku mtoto wako akiugua utasahau kunipigia, na hutajisamehe." Hakujua namaanisha nini. Sikutaka ajue.

Vile vidonge vyako nilivirudisha kliniki, kopo nikalibakiza, nikatia vyangu. Na mimi niliyekuwa nakusema, Baba Atu, nilishindwa. Wiki ya kwanza nilisahau mara tatu. Kumkumbusha mwingine nilikuwa bingwa, kujikumbusha mwenyewe sikuwa nimewahi kufanya. Nilijionea aibu, na nikakuelewa kidogo.

Ila kuna kitu ambacho sijawahi kukisahau hata siku moja tangu uondoke, nacho ndicho nilichokuwa napigana nacho. Kila asubuhi mkono wangu unatoa vikombe viwili. Nimejaribu kukificha chako kabatini, mkono unafungua kabati. Nimejaribu kukigawa, nikakifuata kwa Mama Subi siku ya pili, nikadanganya kuwa nimekosea. Kila asubuhi kilikaa pale mezani kitupu, nami nililia mpaka chai ikapoa.

Basi asubuhi moja nikakumbuka ule mkono wako uliotafuta sigara pale juu ya Kitonga, ukaupa simu. Nikaacha kupigana na mkono wangu. Nikakijaza maji kikombe chako, nikafungua kopo, nikamezea kidonge kwa kikombe chako. Kesho yake vikombe viwili vikatoka tena, nikafanya vilevile.

Ni miezi minne sasa, sijaruka hata siku moja. Bado nalia mara nyingine, lakini nalia nikiwa nimekunywa. Mjukuu wako anatambaa, na masikio ni yale yale. Ungemwona.

Natamani ungenifundisha hili ukiwa hai, badala ya mimi kukufanyia kila kitu. Nisamehe kwa zile siku ambazo sikukuuliza. Nami nakusamehe kwa kungoja niulize.

Ukungu umeanza kuinuka, nakwenda kuangalia viazi. Leo hakuna aliyeniuliza, lakini nakuambia mwenyewe: nimekunywa, Baba Atu. Acha hofu.

Ndaga fijo.

Mkeo,
Mama Atu