Pale Ulipousimamisha Wimbo

Kagongwa

Baba Kabula,

Tangu asubuhi nimeshika kalamu nikitafuta namna ya kukuita. Miaka yote uliyokaa na binti yangu sikuwahi kulitamka jina lako, na wewe hukuwahi kulitamka langu. Ndivyo tulivyolelewa sote wawili: mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni, hawapokezani kitu mkono kwa mkono, na wakikutana njiani mmoja huingia porini. Nimefundisha shule mpaka nikastaafu, nimesoma vitabu vinavyoeleza desturi hii, vingine vikiicheka. Hakuna hata kimoja kilichonifundisha jinsi ya kukuandikia barua. Basi nakuita kama nilivyokuita nikiwa ndani, na wewe ukiwa nje ya ua wa minyaa.

Pikipiki yako imeondoka leo. Mdogo wako Shija ameenda nayo Geita, kama ukoo ulivyoamua siku ya kumaliza matanga. Nataka nikueleze ilivyoondoka, kwa sababu tangu tukuzike nimekuwa na swali moja tu: ulikufa ukiwa umenikasirikia?

Nianzie mbali kidogo. Unakumbuka masika yale niliposhikwa na kichomi, gari hakuna, na barabara ya mtaani imekuwa tope? Ilibidi unipeleke Kahama wewe, kwa pikipiki, na kiti cha pikipiki hakijui ukwe. Ukapita mashineni, ukachukua nusu gunia la pumba za mpunga, ukaliweka katikati ya kiti. Wewe mbele, pumba katikati, mimi nyuma nimejifunika khanga hadi machoni. Pale mashineni mtu mmoja akauliza tangu lini pumba zinapelekwa hospitali. Ukamjibu kwamba ndizo zinazoumwa, huyo mama anazisindikiza tu. Nilikuwa na homa kali, lakini nilicheka ndani ya khanga mpaka mbavu zikaniuma zaidi.

Ukawasha muziki ili tusilazimike kuzungumza. Ndipo nilipokijua kile kidude chako cha nyimbo, si kikubwa kuliko kiberiti, kioo kimepasuka na hakionyeshi kitu, kimefungwa kwa mpira kwenye usukani, waya wake ukiingia kwenye redio ya pikipiki. Zikapita nyimbo zako za vijana. Halafu, tulipokuwa tumeikaribia Kahama, ukaanza wimbo wa jembe. Waliuimba wakulima wa upande wa Geita, kwa mapigo yaleyale ya kijiji chetu, kile tulichohamishwa kupisha machimbo nikiwa mwalimu kijana. Pale tulipokuwa tukilima kwa zamu, shamba la huyu leo na la yule kesho, sasa pana shimo, na wale walioimba wametawanyika. Sikuwa nimeyasikia mapigo yale tangu siku tulipofunga mizigo. Nikaegemeza paji la uso kwenye pumba nikalia. Hukugeuka. Ulipeleka kidole tu, ukaurudisha wimbo mwanzo. Ukaurudisha tena, na tena, mpaka getini kwa hospitali. Sijui ulijuaje. Labda gunia lilikuambia.

Baadaye binti yangu, Mama Kabula, aliniambia kwamba uliutafuta wimbo ule ulipokuwa ukichimba kule, kabla hujaachana na maduara ya dhahabu, kwa sababu alikusimulia kuwa mama yake huimba kitu kama hicho akipepeta. Mwenyewe hukunigusia. Ungenigusia vipi?

Lakini ulipata njia. Kwenu hapakuwa na umeme, na kwangu sola ipo. Ukaanza kuleta kidude kichajiwe. Ulikiweka juu ya kinu changu kilicho langoni, na kwa kuwa huwezi kusema na mimi, ukasema na kinu. Niko nyuma ya minyaa nimetulia kama kuku anayetaga, nasikia ukiniita mama kwa lugha yetu: "Shikamoo, mayu. Kinu, mwambie mayu asikichaji kwenye pikipiki huku kinaimba. Umeme wa injini unaingia kwenye spika, unapiga mluzi." Siku nyingine: "Kinu, mwambie mayu sauti ya kidude isijazwe yote. Aache robo, aongezee kwenye redio." Mimi nilijibu "marahaba" tu. Mengine yote niliyapokea kimya, nikayaandika nyuma ya daftari langu la maandalio ya masomo. Bado ninayo.

Nilipokuwa nimekichaji nilikichomeka kwenye redio yangu ndogo nikasikiliza wimbo wa jembe, nikausimamisha katikati, nikakirudisha juu ya kinu. Kidude kile hakisahau; ukikiwasha kinaendelea pale ulipokiachia. Wiki iliyofuata kilirudi kwangu kimesimamishwa kwenye wimbo wako wa mbuzi, yule mbuzi aliyekunywa pombe ya harusi akampanda shemasi mgongoni. Nikafyonya. Nikakirudisha kwenye jembe. Ukakirudisha kwenye mbuzi. Tukaendelea hivyo miaka mitatu, na sidhani kama kuna mkwe aliyewahi kuzungumza sana na mama mkwe wake kuliko sisi.

Mama Kabula alikuwa akisema: "Ukimsikia mbuzi anakuja, mama, ujue mume wangu roho yake kunjufu. Akikasirika pikipiki inakuja bubu."

Halafu ikaja Jumamosi ile. Wanajumuiya wa kanisa wamejaa sebuleni kwangu, tuko katikati ya litania, na mbuzi wako akaingia kwa spika mbili. Mama mmoja alicheka mpaka rozari ikamdondoka. Niliona haya, na nikiona haya huwa mkali. Nikamtuma binti yangu: "Mwambie mumeo nyumba yangu si baa."

Aliyafikisha kama yalivyo. Nilimfundisha mwenyewe kutopunguza maneno.

Siku tatu baadaye nilitoka na beseni la maji ya vyombo, kichwa wazi, na nikakukuta langoni. Sikusikia kitu. Ulikuwa umezima injini tangu barabara kubwa, ukaisukuma pikipiki kwa mikono hadi kwenye kinu. Tulitazamana. Ndiyo mara ya kwanza na ya mwisho kuuona uso wako, una kovu dogo juu ya nyusi ambalo hakuna aliyewahi kuniambia. Ulichuchumaa upesi, ukageukia minyaa, ukasema, "Shikamoo, mayu." Nami nikaacha beseni, nikakimbilia ndani, nikafunga mlango. Sikuitikia. Nikasikia matairi yakisukumwa kwenye changarawe, na wewe ukiondoka kimya kama ulivyokuja.

Asubuhi yake homa ikakushika. Siku ya nne wakaja kuniambia umetutoka.

Bubu. Neno hilo lilinila. Kila nilipofagia langoni nilijiuliza kama ulisukuma pikipiki kwa heshima au kwa uchungu. Siku ulipopelekwa hospitali Mama Kabula alikitoa kidude kwenye usukani akakifungia sandukuni, hakuna aliyekigusa. Baada ya matanga aliniletea kimefungwa kwenye leso. Ningeweza kukichomeka kwenye redio yangu siku yoyote. Nilikichaji, nikakifuta vumbi, nikaogopa. Siku ile ya beseni nilikuwa nimekuwekea juu ya kinu kikiwa kwenye jembe, nawe ukaondoka nacho. Kama uliondoka na hasira, kingekuwa bado pale nilipokiacha, na ningejua.

Leo Shija alipokuja kuaga nikaona hakuna siku nyingine. Kama ni kusikia, nisikie kwa spika zako. Nikakiweka juu ya kinu, nikarudi nyuma ya minyaa, kwa sababu naye ni mkwe. Akakichomeka. Redio ikatangaza mpira. Akahangaika, akachomeka na waya wa chaji pia, na akawasha injini. Ukaja mluzi ule uliousema, unapanda kila akivuta mafuta. Nikamsikia akimwambia mkeo kidude kimekufa na mwenyewe.

Basi nikakohoa, nikasema kwa sauti yangu ya darasani: "Kinu, mwambie Shija achomoe waya wa chaji. Na redio aitoe kwenye stesheni, abonyeze kile kitufe cha pembeni mpaka isikilize waya."

Nadhani alikitazama kinu. Halafu nikasikia kitufe kikibonyezwa, mara moja, mara mbili.

Alikuwa mbuzi, Baba Kabula. Katikati kabisa, pale anapompanda shemasi. Ulipofika barabara kubwa uliwasha injini, ukaruka jembe langu, ukaweka mbuzi wako, ukaenda naye karibu hadi nyumbani. Mama Kabula alikaa chini akicheka na kulia. Mimi nilishika minyaa kwa mikono miwili na utomvu wake ukaniwasha vidole, ndiyo maana mwandiko huu umepinda.

Hukuwa umekasirika. Ulikuwa umemtii bibi mkali, na ulipokuwa mbali na masikio yake ukarudi kwenye furaha yako.

Kidude nimempa Shija kiende na pikipiki. Nyimbo zile ni za barabarani. Ndani ya nyumba zingedumaa. Nimekiambia kinu kimwambie kwamba chaji iko hapa kila akipita, na asithubutu kuzima injini. Hata jumuiya ikiwa imekaa. Hilo nakuahidi: mbuzi ataingia kwa spika mbili, nami nitakuwa wa kwanza kucheka. Na kinu hakitaondoka langoni maadamu ninaweza kufagia.

Pumzika, mkwe wangu. Limebaki neno moja nililokukimbia nalo siku ile, na leo hakuna minyaa wala pumba kati yetu.

Marahaba, mwanangu. Marahaba.