Sombe Bila Chumvi

Dzaleka, 12 Juni 2014

Yaya Guelord, kaka yangu,

Salamu kwako na kwa batoto. Blenda uliyotutumia niliipokea Lilongwe, asante, zikomo. Inasaga majani ya muhogo ya sombe haraka kweli.

Nilikuficha kitu, unisamehe. Mwezi wa tatu presha ilimpiga Mama. Mkono wa kulia umelala, na tangu siku ile alikuwa hajasema hata neno moja. Daktari alikataza chumvi. Nikimlisha sombe ya blenda, anafunga mdomo.

Jana umeme ulikatika, njo nikaazima kinu cha jirani. Mama aliposikia mchi, akageuza kichwa. Akaonja kijiko kimoja, akanikazia macho.

"Chumvi!"

Sikumpa, yaya. Nilimwomba tu anigombeze tena.

Mdogo wako,
Darlène