Ree na Saba Mkononi

Jumapili, Agosti 1996. Manyunyu tangu alfajiri, na baridi ya kunifanya nilifukue sweta.

Nianze na hili, daftari, maana wewe hunibishii: katika kisiwa hiki kizima, kutoka Ngome ya Yesu mpaka mageti ya Kilindini, hajazaliwa mtu mwenye bahati ya karata kama mimi. Jana kwenye mashindano ya poka nilishika ree, ile karata ya A, pamoja na saba, mara mbili, na chai ilikuwa haijaletwa. Mara mbili! Wenzangu waliokuwa mezani walikuwa wakiokota vitatu na vinne kama wachota kokoto.

Na bado nilitolewa wa kwanza. Watu ishirini na wanne, wa kwanza kusimama mimi.

Hilo ndilo lililoninyima usingizi. Si aibu, aibu nimezoea. Nataka kujua tu: mtu aliyepewa vile anatolewaje?

Mama Zawadi yuko kanisani na watoto. Mimi nimesingizia kifua, nimekaa kitandani na seti ya karata.

Ngoja nieleze mchezo wenyewe. Kila mtu anapewa karata mbili anazificha, kisha tano zinafunuliwa katikati kwa wote, na mwenye mkono mkubwa anabeba. Pale klabu ya mabaharia, Mbaraki, hatukuchezea pesa. Kila mmoja alipewa vizibo vya soda mia moja. Vikikwisha, unaondoka mezani. Atakayebaki mwisho anachukua zawadi: cherehani ya kukanyaga kwa miguu, nzima, ina mpaka kifuniko chake cha mbao.

Ile cherehani nilikuwa nimekwisha kuitolea ahadi. Mama Zawadi anashonea watu sare za shule kwa cherehani ya bibi mmoja mwenye duka Mji wa Kale, na bibi huyo anafunga duka mwisho wa mwezi. Baada ya hapo mke wangu atabaki na mkasi na sindano. Basi mimi na mdomo wangu, Ijumaa nikamwambia, "Ondoa pipa la maji hapo dirishani, mama. Cherehani inataka mwangaza." Akaliondoa. Akapafagia, akapapiga deki.

Pahali penyewe hapo napaona sasa. Peupe.

Ree na saba ya kwanza niliipata mapema. Nikasukuma vizibo hamsini bila kupepesa. Dereva mmoja wa trela akanifuata. Ikafunuliwa ree mezani, nikajua nimemaliza kazi. Kumbe naye ana ree, na pembeni yake mzungu wa nne, yule mfalme. Hamsini vikaenda. Nikasema moyoni, ajali.

Baadaye nikapewa karata mbili za kumi. Nikazitupa mbio mbio, hata sikuzitazama vizuri.

Halafu, wallahi, ree na saba tena! Nikasukuma vizibo vyote vilivyobaki. Mezani petu alikuwapo Mzee Katana, mwendesha kreni, ambaye tangu tukae alikuwa anatupa karata na kusinzia. Watu walimcheza shere: "Mzee, tukuletee mkeka?" Naye akajibu bila kufumbua macho, "Na mto." Sasa akafumbua. Akaniambia, "Karani, nami nimo."

Ikafunuliwa ree, na zilizobaki zote ndogo. Nikafunua ree yangu na saba yangu, nikasimama kukusanya vizibo. Mzee akafunua ree na tisa.

"Kaa, mwanangu. Tisa kubwa."

Nikamwambia kwa sauti ya kusikika mpaka jikoni, "Tisa haichezi, mzee!"

Klabu nzima ilicheka. Mwenye kugawa karata alilaza kichwa mezani. Mimi nami nikacheka ili nionekane nimefanya mzaha. Sikuwa nimefanya mzaha.

Kwa kuwa, daftari, mimi nimekulia karata ya wahedu-sitini, ile ya kutafuta alama sitini na moja. Huko nane, tisa na kumi hazichezi kabisa, zinalala ndani ya boksi. Huko ree ndiyo kubwa, na anayeifuata si mfalme: ni saba. Saba anamla mfalme hivi hivi. Nimeucheza barazani kwa mjomba, Rabai, tangu miguu yangu haijafika chini nikikaa kitini. Darasa la saba sikulimaliza, lakini vidole vyangu vina shahada ya wahedu-sitini. Jana vilipoona ree na saba vilishangilia kabla mimi sijaulizwa. Vilipoona kumi mbili, vikaona taka za boksi.

Nani alimpandisha saba juu ya mfalme? Nimewauliza wengi, kila mtu ananiambia ndivyo tulivyokuta.

Aliyenifumbua macho ni Nando, mpishi wa meli, Mfilipino. Meli yake ina wiki tatu inangoja zamu ya kupakua, na Kiswahili chake ni cha gatini. Alikuja kukaa nami kwenye benchi la walioshindwa akapanga karata gotini.

"Wewe ree unaye. Huyu ree anaye. Sasa nani ndugu mkubwa?" Akamweka saba wangu chini, akampangia juu yake nane, tisa, kumi, na wazungu watatu. "Saba wako ana kaka sita. Wote anampiga."

Nikamuuliza, basi nicheze zipi? Akacheka. "Chache. Poka kazi ya kutupa."

Mimi ni mtu wa dunia, nimevuta sigara za mataifa kumi na moja bila kupanda meli hata moja, lakini neno hilo nilikuwa sijalisikia. Nikabaki pale namtazama Mzee Katana. Alitupa, akatupa, akasinzia, akatupa. Kila alipoingia, aliingia na wakubwa wawili, au pacha, karata mbili za namba moja kama zile kumi zangu. Mpaka saa kumi jioni alikuwa ameingia mara tisa, nimehesabu. Cherehani ameibeba yeye, anampelekea binti yake Changamwe.

Asubuhi hii nimejaribu mwenyewe. Kazi yangu ni ukarani wa bandarini, kuhesabu shehena, vijiti vinne na cha tano cha kulalia, basi nimejigawia karata mbili mbili mara mia juu ya shuka. Kushoto nimepiga vijiti vya mikono ambayo vidole vyangu vingeicheza. Kulia, ambayo Nando angeicheza.

Kushoto arobaini na tatu. Kulia kumi na nne.

Ree na saba ilinijia mara moja tu kati ya mia. Kwa hiyo ni adimu kweli, hilo sikukosea. Lakini mbuzi wa miguu mitatu naye ni adimu, na hakuna anayemtoa mahari.

Najiuliza ni mangapi mengine nimeyashika kifuani hivyo, kwa kuwa nilikokulia yalikuwa makubwa.

Sasa linaloniuma. Jana nilirudi nikamwambia Mama Zawadi nimeshindwa na mikosi tu, kwamba karata nilizopewa hazijawahi kuonekana. Akauliza, "Zipi?" Nikamwambia ree na saba, mara mbili. Naye ni Mrabai kama mimi, naye kacheza wahedu-sitini. Akapiga kofi. "Ree na saba! Na ukashindwa? Baba Zawadi, umeibiwa!" Akanipakulia samaki wa kupaka, kipande cha kichwa, ambacho huwa chake. Akaapa kwamba leo akitoka kanisani anapitia klabuni kumwona katibu, na atakwenda na kina mama wa kwaya.

Nilikula kile kichwa chote.

Saa nne na nusu. Ibada inakwisha saa tano. Navaa viatu, naenda kumngoja langoni kabla kwaya haijashika njia ya Mbaraki, na nimeandika hapa kwanza ili ulimi usiteleze nikifika. Sikuwa na bahati, mama. Nilikudanganya. Nilipewa takataka nikaziona dhahabu, na dhahabu ilipokuja, kumi mbili, niliitupa mimi mwenyewe.