Waya Haushuki

Kwako Kaka,

Salamu zangu zikukute mzima, wewe na wifi na wanangu wote. Huku mimi sijambo, na Mama hajambo kuliko ulivyoambiwa. Mvua zilipoanza kifua kilimbana kidogo, akavuta mvuke wa mashine yake, kikaachia. Anakula vizuri, kila asubuhi tunagombana juu ya chumvi, na amenituma nikuulize kama ule mguu uliotenguka umepona au bado unachechemea.

Barua yako imefika. Niliisoma peke yangu, kisha nikamsomea Mama kwa sauti, kwa sababu inamhusu na sijazoea kumficha mambo yake. Unataka nishushe waya wa redio kutoka kwenye paa. Unataka nimwombe radhi mwenye nyumba mbele ya wapangaji. Na unasema Jumamosi dereva wako atakuja kumchukua Mama akaishi kwako, maana hayuko salama kwa mtu anayelala na mabetri chumbani. Kaka, mimi nakuheshimu kama baba. Nilingoja hasira zipoe ndipo nikuandikie, lakini naona hazina mpango wa kupoa, basi nakuandikia nazo hivyohivyo. Waya siushushi, na radhi siombi. Hilo la Mama nitalifikia, lina mwenyewe.

Mwenye nyumba alikupigia simu akakupa upande wake, nami sasa upokee wangu. Unajua kwamba mchana natengeneza simu kibandani, na jioni nakaa kwenye redio yangu ya ridhaa, ile ya kuongea na wenzangu wa miji mingine bila simu wala mtandao. Nina leseni, nilifanyia mtihani, na ipo ukutani kwenye fremu. Mwaka ule mafuriko yalipoangusha minara ya simu, huyohuyo mwenye nyumba alikuja kusimama mezani kwangu kofia mkononi, akiomba nimtafutie habari za bintiye. Nikazipata, akanishika mikono yote miwili akalia. Leo waya uleule umekuwa nuksi!

Alichokuambia kuhusu TV ni kweli, hakutia chumvi. Mara tu nilipopandisha waya mpya, mrefu kuliko wa zamani, TV za jengo zima zilianza kupiga mistari na kukwaruza. Mkutano ukaitwa uani. Mwenye nyumba akasema mitambo yangu inanyonya umeme wa watu na kuwaharibia picha. Kinyozi wa chumba cha mbele akadai hata kichwa kinamuuma tangu nianze. Kichwa chake hicho kimekuwa kikimuuma tangu nahamia hapa, na sote tunajua kinaumwa na nini, lakini siku hiyo mkosaji nilikuwa mimi. Fundi cherehani wa jirani peke yake ndiye aliyesema wanisikilize kwanza, akazomewa.

Basi nikapiga moyo konde. Niliwaambia kuanzia siku hiyo redio yangu haitagusa umeme wa nyumba ile, hata chembe, nao watazame kama mistari itaondoka. Na nilifanya kama nilivyosema. Nilichukua sanduku la plastiki la kuwekea vifaa, lile lenye mpini, nikaweka ndani betri nzima, mpya, si za kuokoteza. Kila waya unaotoka kwenye betri nimeufungia fyuzi yake, ili kukiwa na hitilafu fyuzi iungue, nyumba ibaki. Kwa nje kuna mahali pa kuchomeka redio, taa na simu, na paneli ndogo ya sola nimeianika dirishani kando ya kanga za Mama. Sanduku zima nalibeba mgongoni, nikitaka naenda nalo hadi kilimani naongea na dunia nikiwa nimekaa kwenye jiwe. Hayo ndiyo mabetri unayoyaogopa, Kaka. Ungeuliza ningekueleza.

Mwanzo lilinitoa jasho. Nilinunua kidhibiti cha chaji cha bei chee, kile kidude kinachokaa kati ya paneli na betri, na jua likiwaka tu redio ilinguruma kama mashine ya kusaga. Kwa hiyo nikitaka kuchaji sisikii mtu, na nikitaka kusikia lazima nichomoe jua! Mama alicheka mpaka akashika mbavu. Mwishowe nilikitupa nikanunua kizuri, redio ikanyamaza kimya. Lakini ule mngurumo ulinikaa masikioni.

Na mistari kwenye TV haikuondoka. Jamani, nilivyosemwa! Mwenye nyumba akasema si umeme basi, ni waya wenyewe, na ndipo akakupigia wewe. Mimi mtu mzima, nalipa kodi kwa jasho langu, nasemewa kwa kaka kama mtoto aliyevunja kikombe! Niliumia, sikufichi.

Jumapili asubuhi nikafanya jambo ambalo mtu wa redio tu ndiye angelifikiria. Nilikwenda kwenye waya wangu nikauchomoa, nikabeba sanduku mgongoni, redio nikaitundika kifuani na kijiti kifupi cha antena, nikatoka nayo koridoni kuitafuta kelele. Redio haichagui mtu, ukikaribia chanzo inapiga kelele zaidi, ukienda mbali inanyamaza. Na nilipoiwasha tu niliutambua mlio: ni uleule wa kidude cha bei chee, nikajua kuna mtu humu ndani ana chaja mbovu. Nikamwita mwenye nyumba ashuhudie. Akaja na ndala zake, wapangaji wakamfuata, watoto wakafuata wapangaji, tukawa msafara.

Tulianza kwa kinyozi, maana nilikuwa na hamu naye, nakiri. Kwake kelele ndogo. Kwa fundi cherehani ndogo. Taa za sola za mwenye nyumba, nilizokuwa nimezitilia shaka kuliko vyote, hazikutoa hata mkwaruzo. Tukapanda juu, kelele ikafifia. Tukashuka, ikarudi. Tukapita bafuni, tukapita kwenye mita, nami mbele nimetega sikio, sitazami niendako. Ilipofika kelele ya kuumiza masikio niliinua macho nikauona mlango. Kaka, ulikuwa mlango wetu.

Kicheko kilichopigwa pale sitakisahau. Mwenye nyumba alicheka mpaka akaegemea ukuta. Uso sikujua niuweke wapi. Lakini waya wangu ulikuwa umechomolewa, redio iko kifuani mwangu, betri mgongoni. Ndani hamkuwa na kitu changu kilichogusa umeme wa ukutani. Nikaingia hivyohivyo, kundi zima mlangoni, nikafuata mlio hadi kwenye kitanda cha Mama. Nikainama. Redio ikapiga ukelele hata Mama akaziba masikio.

Ni lile sanduku la umeme ulilomtumia wewe.

Ndiyo, Kaka. Lile jeusi lenye kioo cha namba, ulilosema ni la kisasa, ili umeme ukikatika mashine yake ya mvuke isizime. Lilifika wiki ileile niliyopandisha waya mpya, ndiyo maana kila mtu akaulaumu waya, nami mwenyewe nikahangaika koridoni nikiwashuku majirani. Kitandani kwa Mama sikuwaza kabisa. Amelifunika kitambaa alichokifuma mwenyewe, analipangusa vumbi kila asubuhi, na mgeni akiingia analionyesha kabla hata hajampa kiti. Nani angelishuku? Linakaa kwenye soketi mchana kutwa linajichaji, na chaja yake mbovu inapeleka kelele kwenye nyaya za jengo zima. Nililichomoa. Fundi cherehani, aliyekuwa amekimbilia chumbani kwake kutazama TV, akapaza sauti kwamba picha imetakata. Nikalichomeka, akasema imeharibika. Nikachomoa tena, na mwenye nyumba akakohoa, akasema kumbe, akaondoka kwenda kutazama mpira. Hadi leo hajaniambia neno kuhusu waya, nami sijamwambia neno kuhusu radhi yangu.

Silitukani sanduku lako. Najua ulilinunua kwa mapenzi, na aliyekuuzia ndiye aliyekudanganya. Lakini nina uchungu, na nitausema. Uliamini simu moja ya mtu baki kuliko mdogo wako uliyemfundisha kuendesha baiskeli. Hukuniuliza kuna nini. Uliandika hukumu, ukatia saini.

Sasa nikuambie jambo la mwisho, lile ulilolihofia kuliko yote. Mashine ya Mama ina waya wa kuchomeka kwenye gari. Tangu Jumapili ile nimeuchomeka kwenye sanduku langu. Umeme ulikatika majuzi kifua kilipombana, jengo zima giza, naye alivuta mvuke wake taratibu mpaka akapata usingizi, kwa betri niliyoifunga mimi kwa mikono hii. Kwa hiyo ukisema Mama hayuko salama na mabetri yangu, ujue kwamba ndiyo yanayompa pumzi. La kwako limezimwa, liko juu ya kabati. Ukija nitakufungulia uone kilicho ndani.

Nilipomaliza kumsomea barua yako, Mama alivuta kanga yake usoni. Nilidhani analia, kumbe anatafuta maneno. Alisema anakupenda na anakuombea kila siku, na kwamba nyumba yako ni nyumba yake. Kisha akaniamuru niandike haya yafuatayo bila kuyapaka sukari. Amesema dereva asije. Amesema kwanza zilikuja pesa, kisha likaja sanduku, sasa anakuja dereva, na yeye tangu umehamia huko hajaona uso wako. Kama unamtaka, safari hii ujitume mwenyewe. Uje ukae hapa kitandani kwake, umuulize kama anataka kuhama, naye atakujibu. Na akanikumbusha niongeze kwamba jibu lenyewe bado hajaliamua.

Wifi nisalimie sana. Wanangu waambie shangazi yao anawabusu mmoja mmoja, mkubwa hata kama hataki. Uwe na afya njema, na uje. Hasira zangu zitakungoja mlangoni, lakini chai nayo itakuwepo.

Ni mimi mdogo wako wa tumbo moja.