Pande Mbili za Shuka

Nchelenge, Jumapili, baada ya kanisa

Mvua zimekwisha kabisa. Ziwa limetulia tangu alfajiri, kisiwa cha Kilwa, hiki cha humu ziwani, kinaonekana wazi mpaka moshi wa majiko yake, na mimi nimekaa mlangoni, miguu juani, sina haraka na mtu. Nimecheka tangu jana hadi mbavu zinauma. Shajara yangu, wiki hizi zote nimekuletea manung'uniko tu. Leo vumilia furaha.

Jana sinema ilijaa.

Ngoja niandike tena, maana ni raha kuyaandika maneno hayo. Jana sinema ilijaa, watu wa Kilwa wakakosa pa kukaa, wakasimama ndani ya maji.

Ilunga, mume wangu, ndiye mwenye mashine. Alikuja nayo kutoka Elisabethville, huko Congo, pamoja na injini ya petroli na masanduku ya filimu, akisema anapita tu: ataonyesha wavuvi picha kidogo, kisha ataendelea na safari yake. Akanikuta nauza samaki bandarini. Safari yake imeishia hapo. Kiswahili hiki nilikitoa utotoni ng'ambo, Kasenga, marehemu baba alikokuwa akifanya kazi kwenye maboti ya samaki, kwa hiyo Ilunga hakupata shida kunichumbia. Shida aliipata kwa Kibemba, na mpaka leo anakisema kwa kubahatisha.

Mwaka wa kwanza tulionyesha nje, ufukweni. Zipo nguzo mbili pale ambapo watu huanika nyavu. Tulifunga shuka letu la ndoa katikati, Ilunga akaweka mashine upande wa barabara, na mimi nikalimwagia shuka maji ya ziwa, kwa sababu shuka kavu linazuia mwanga na shuka lililolowa linaupitisha. Picha ilionekana mbele na nyuma. Watu walikaa pande zote mbili, upande wa barabara na upande wa ziwa. Hakuna aliyewapanga. Kila mtu alifika, akatazama huku, akatazama kule, akachagua pake.

Ndipo mvua zikaja, na Ilunga akapata wazo la jumba.

Alilichukua ghala la samaki lililoachwa wazi, akaliezeka mabati mapya, akatengeneza mabenchi, na akaweka mlango mmoja wa mbao anaoupenda kuliko anavyonipenda mimi. Ukuta wa mbele aliupaka chokaa tena na tena hadi ukawa mweupe sana. Shuka likarudi kitandani. Picha ukutani ilikuwa safi, hata vifungo vya mashati ya Bazungu wa kwenye filimu ungeviona. Watu walikuja kulitazama jumba letu. Walilitazama, wakalisifu, wakarudi kwao.

Baada ya hapo kila Jumamosi walipungua. Walibaki vijana wasio na wake, na watoto, na mlevi mmoja anayependa kulala kwenye benchi.

Ilunga alisema ni redio. Dukani bandarini wameleta ile redio ya mviringo kama sufuria, na jioni watu wanaizunguka. "Ile redio njo inatukamatia batu," alikuwa akisema, na akaanza kupita mbele ya duka bila kumsalimu mwenyewe. Mimi nilisema ni joto la mabati na harufu ya samaki waliokaa humo miaka. Nikasugua sakafu kwa majivu mpaka mikono ikachubuka. Harufu ikapungua, na watu pia wakapungua. Nikamshuku mchungaji, kwamba anawakataza watu kwa siri. Nikaishuku filimu yenyewe, ile ya wachunga ng'ombe wanaofukuzana juu ya farasi, maana tumeirudia hata watoto wanajua ni farasi gani ataanguka. Lakini kule nje waliipenda hiyo hiyo, na walikuwa wakipiga kelele irudiwe.

Kukaa mlangoni kuwapokea watu wasiokuja ni kazi mbaya. Chisenga, jirani yetu mshona nyavu, mtu anayeweza kuacha chakula kwa ajili ya sinema, alikuja kila Jumamosi. Anafika, anachungulia ndani, anajipiga kofi kwenye paji la uso: amesahau kufunga mtumbwi! Anaondoka. Nilijiuliza ni mtumbwi gani huo usiofungika. Mara moja mama mkwe wake, yule mama mnene wa kwaya, aliingia akakaa benchi la kwanza, kisha akajifunika kitambaa kichwa chote na kuisikiliza sinema kwa masikio mpaka mwisho. Nilidhani anaogopa mbu.

Mama yangu alisema macho yanamuuma. Nikamchemshia majani. Akayakubali, akaniambia asante, akaendelea kutokuja.

Basi wiki iliyopita Ilunga alitoa lile sanduku kubwa la mbao alilosafirishia mashine, akalipangusa vumbi, akaliweka katikati ya nyumba. Hakupiga kelele. Ningependa angepiga. "Bon," akasema, "kama siku ya posho habakuye, tunafunga mashine. Tunaenda Elisabethville." Siku ya posho kwao ni Jumamosi; watu wasipokuja, basi. Kule ana kaka yake, na kuna kambi za mgodi zenye watu wengi wanaotaka sinema.

Nikuambie ukweli, shajara yangu. Niliogopa. Sijui kuishi mahali ambapo hakuna maji ya kutazama. Na zaidi ya maji kuna mama, aliye peke yake, na ambaye hajamwingiza bado mkwe wake nyumbani.

Hilo la kuingizwa, Ilunga halielewi vizuri. Kwetu mkwe na mama mkwe hawaonani uso kwa uso, hawapishani njiani, hawakai chumba kimoja, mpaka siku mama atakaporidhika, apike karamu ya kuku, amwite aje ale. Baada ya hapo wanasalimiana na kutaniana kama watu wote. Mama hajapika. Ilunga amezaliwa kwenye kambi ya mgodi, nyumba zimebanana ukuta kwa ukuta, na mama mkwe hana hata pa kukimbilia, kwa hiyo huko desturi hii imechoka zamani. Nimemweleza mara nyingi. Anaitika, kisha jioni ananiuliza tena kwa nini mama anamchukia.

Sasa jana asubuhi.

Nilikwenda ufukweni kumsaidia mama kugeuza samaki juu ya uchanja. Tulikuwa tunazungumza mambo yetu, mara Ilunga akatokea kwenye njia, amebeba dumu la petroli. Mama, na umri wake ule, aliruka! Akajificha nyuma ya uchanja, akavuta kitambaa usoni, akachuchumaa. Ilunga akaangalia chini kwa huzuni, akapita. Nikataka kucheka, nikamgeukia mama, nikaona kwamba kitambaa amekifungua kidogo na anamtazama mkwe wake katikati ya samaki, vizuri kabisa, kuanzia kofia hadi viatu. Akaniambia kwa Kibemba kwamba kijana amekonda, na kwamba mimi simlishi.

Anamtazama kila siku, kumbe! Anachohitaji ni kitu katikati.

Nilisimama na samaki mkononi kama mjinga. Shuka! Upande wa barabara na upande wa ziwa! Chisenga alikaa barabarani, mama mkwe wake akakaa ziwani. Nusu ya Nchelenge ilikuwa ikikwepa nusu nyingine kwa adabu zote, na katikati yao limening'inia shuka langu la ndoa, na wote wanaangalia farasi mmoja. Kisha sisi tukaja na busara zetu, tukawajengea chumba chenye mlango mmoja, giza tupu, mabenchi yamebanana, ambamo mtu anaweza kukanyaga mguu wa mama mkwe wake akitafuta pa kukaa. Nani angeingia? Na nani angetuambia? Kusema kwa mdomo wako "siingii kwa sababu yumo mkwe wangu" ni aibu ile ile. Afadhali mtumbwi usiofungwa.

Nilimwuliza mama habari ya macho yake. Akasema yamepona jana.

Nilikimbia nyumbani. Ilunga alikuwa amekwisha kuweka majani makavu ndani ya sanduku, mashine isije ikagongwa njiani. Nilimweleza yote bila kuvuta pumzi. Alikasirika kwanza, na simlaumu, ni mabati yake na chokaa yake. Akasema nje kuna upepo, kuna mbu, picha inafifia. Halafu akaanza kuchezea misumari ya sanduku.

"Na mama yako?" akauliza. "Naye iko anakuyaka zamani, kule nyuma?"

Nikamwambia ndiyo, alikuwa akija. Alikuwa hakosi. Alikaa upande wa ziwa, karibu kabisa na nguzo, na mwaka mzima Ilunga hakujua, kwa sababu yeye alikuwa upande wa mashine.

Alikwenda chumbani, akavua shuka kitandani.

Mtoto akiliona shuka linafungwa kwenye nguzo hana haja ya kutumwa, na habari ilifika bandarini kabla fundo la pili halijakaza. Redio ilibaki dukani inazungumza peke yake. Jua likazama upande wa Congo, tukangoja wekundu uishe juu ya maji, mimi nikamwagia shuka ndoo zangu. Chisenga alifika mapema. Alizunguka nguzo mara moja, akamwona mama wa kwaya ametandika kitenge chake upande wa ziwa, akarudi barabarani na kukaa chini kwa raha. Nikamwuliza habari ya mtumbwi. Akasema leo umefungwa.

Walikuja wote. Farasi yule yule akaanguka pale pale anapoangukaga, na watu wakapiga kelele kana kwamba ni msiba mpya. Mimi nilikuwa naenda huku na kule na ndoo, kwa hiyo niliviona vicheko vya pande zote, na nakuambia vya upande wa ziwa ni vikubwa zaidi.

Halafu ukafika wakati wa kubadilisha filimu. Ilunga huacha taa ikiwaka ili watu wasiogope giza, na shuka linabaki jeupe tupu. Kelele zilipungua. Ndipo nikasikia sauti ya mama. Haikutoka kwa Kibemba. Ilitoka kwa Kiswahili chake cha kuuzia samaki, ambacho hukitumia kwa wateja tu.

"Weye shuka! Ambia ule mwenye mashine, juma ingine alete tena ile ya bafarasi. Na juma ile ingine."

Nilisimama na ndoo, maji yanamwagika miguuni pangu. Kumwambia mkwe asiondoke ni kumsemesha, na kumsemesha haruhusiwi. Shuka, lakini, si mkwe wa mtu.

Ilunga alitoka nyuma ya mashine, akapita mbele ya taa. Kivuli chake kikajaa shuka zima. Nilidhani atakosea, nilifumba jicho moja. Akapiga magoti, polepole, akapiga makofi laini ya heshima kama alivyoona wanaume wa hapa wanavyofanya, na kule nyuma kina mama wote wakaviona vile viganja vikubwa vyeusi vinakutana na kuachana.

"Eya mukwai," akasema. Ndiyo, mama. Kibemba kisafi, hata mimi sikujua anacho.

Nililia kidogo. Kulikuwa na mbu wengi, hakuna aliyeuliza.

Leo kanisani hapakuwa na utulivu. Walio upande wa barabara wanasema yule mchunga ng'ombe anapiga bunduki kwa mkono wa kulia. Walio upande wa ziwa, walioiona picha kwa nyuma, wameapa ni wa kushoto, na kwamba Bazungu wote ni mashoto, waliona kwa macho yao. Mchungaji alipoulizwa alisema ni wa kushoto. Kumbe naye alikuwa upande wa ziwa, na kumbe naye ana mkwe.

Jumba la mabati tumekubaliana litarudi kuwa ghala. Ilunga anasema mlango wake atauhamishia kwetu, na hilo siwezi kumnyima.

Niliporudi kutoka kanisani sanduku la mashine halikuwapo ndani. Nilishtuka. Nikamtafuta Ilunga, hayupo. Nikashuka mpaka ufukweni, nikalikuta pale kwenye nguzo, upande wa ziwa, limepinduliwa, misumari imepigwa ndani isichome mtu, na juu yake kuna gunia lililokunjwa vizuri. Ni kiti cha mtu mmoja. Na juu ya kiti amekaa mama, anamenya karanga, anatazama maji.

Nilipogeuka kuondoka, akaniuliza, bila kuinua macho kwenye karanga zake, kama watu wa Elisabethville wanakula kuku.

Nimemwambia wanakula sana. Kesho nafua shuka.