Nahodha Aliyeketi Kitandani kwa Mama Yake

Mama mpendwa,

Nakusalimu nikiwa mzima, ila mafua ambayo baridi ya Embu imetugawia sote. Mgongo wako unaendeleaje baada ya kuchuma kahawa? Nyanya bado anakula vizuri? Barua yako niliipata Ijumaa. Nilifurahi kusoma kwamba kaka Mutuma amerudi nyumbani, kisha furaha ikaniishia. Nitakueleza sababu, lakini wacha nianzie mbali kidogo.

Hapa shuleni, Jumamosi jioni tunaruhusiwa kutazama televisheni bwaloni. Kuna kipindi cha watu wanaosafiri kati ya nyota, kilichoanza kabla sijazaliwa na mpaka leo hakijaisha. Sehemu yake ya Krismasi imetufikia mwezi wa pili, sikukuu imeshasahaulika. Nahodha wa chombo, ambaye wenzake walidhani amepotelea angani, anabisha hodi kwa mama yake mkesha wa Krismasi, amebeba zawadi. Mama analia, anampikia. Halafu nahodha anaingia chumbani mwa mama yake, anaketi kitandani, na hapo ndipo ilipoishia.

Kagendo, rafiki yangu wa Kangeta, alipanda juu ya benchi.

"Huyo si mtoto wa mtu," akasema. "Mwanamume mzima, ametoka jandoni, aketi kwenye kitanda cha mama yake? Maadui wake wa huko angani wametengeneza mtu wao wakamvika sura ya nahodha, lakini mila hawakumfundisha."

Wanja, ambaye kwao ni hapa Embu, akacheka. "Mila hiyo hata sisi tunayo. Lakini yule ni Mzungu. Nyinyi Wameru mnataka hata nyota ziende jandoni."

"Sawa. Basi niambie, mbona hajauliza habari za baba yake?"

"Pengine alikuwa na njaa kwanza."

"Njaa gani ya kumsahaulisha mtu baba?"

Bwalo lote likagawanyika, wengine wakigonga meza, mpaka matroni akaja kutufukuza tukalale. Mimi nilikuwa upande wa Kagendo, na nilipiga kelele kuliko nilivyozoea. Kesho yake tukifua nguo, Wanja akaniuliza, "Gatwiri, huyo nahodha amekukosea nini?"

Ndipo nikamwambia habari za kaka.

Mama, usiudhike. Umeandika kwamba Mutuma analala nyumba kubwa kwa kuwa ile nyumba yake ya ujana ilianguka, na kwamba jioni anakuja chumbani mwako, anaketi kitandani, mnazungumza. Umeandika pia kuwa utamtuma aje siku ya wazazi badala yako. Alipoondoka nilikuwa mdogo. Namkumbuka mgongo tu, akiteremka njia ya kiwanda cha kahawa. Sauti yake siijui. Hata Baba alipofariki hakuja wala hakuandika. Mbona amerudi sasa? Ameomba kuonyeshwa kaburi? Katika barua yako nimelitafuta jambo hilo, sikuliona.

Wanja alikamua sketi yake, akafikiri, akasema, "Mtu aliyepigwa na baridi ya ugenini muda mrefu hakumbuki mambo ya kitanda. Anatafuta mama yake tu." Niliendelea kusuuza soksi zangu. Kagendo angembishia.

Nisalimie nyanya, na mjomba anayefundisha kwaya, na mama jirani anayekukamulia ng'ombe mgongo ukikataa. Na Mutuma pia. Mwambie mdogo wake yuko kidato cha pili na anapenda hesabu. Ningependa sana kuwa na kaka, Mama. Wenzangu wana kaka zao, ambao huja na mahindi ya kuchoma na kuwatania mbele ya watu.

Lakini siku ya wazazi usimtume peke yake. Njoo naye, mtembee polepole kutoka getini. Mimi nitakuwa dirishani, na sitamtazama yeye. Nitatazama uso wako, ndio utakaoniambia kama ni yeye.

Ni mimi binti yako akupendaye,
Gatwiri